Reli au Basi: Fedha za Umma na Safari ya Mkazi wa Kalenga

Mkazi wa Kalenga anayekwenda Iringa mjini husafiri kilomita zipatazo 15. Hakuna reli katika safari hiyo, wala haijapata kuwapo. Hupanda basi dogo, Noah au bodaboda, hulipa nauli taslimu, hushuka na kuendelea na shughuli zake. Kwa sababu hiyo, mjadala unaoendelea nchini kuhusu fedha za umma, kwamba zielekezwe zaidi kwenye treni za abiria au kwenye mabasi, huonekana kuwa shauri la watu wa Dar es Salaam. Sivyo ulivyo. Mkazi huyo huchangia gharama za reli na za barabara pia, na huchangia bila kupewa stakabadhi inayomwonyesha kiasi alichotoa.

Kutoonekana kwa mchango huo ndiko kunakoupotosha mjadala. Basi huonekana rahisi kwa kuwa njia yake imekwisha kulipiwa, shilingi kwa shilingi, kupitia bei ya mafuta. Treni huonekana ghali kwa kuwa gharama ya njia yake huandikwa wazi katika bajeti ya Serikali na katika deni la Taifa. Anayetaka kuamua kati ya viwili hivi hana budi kwanza kuzitenga hesabu mbili: hesabu ya chombo na hesabu ya njia.

Yaliyotokea Dar es Salaam

Mjadala huu ulipata sura yake ya sasa tarehe 29 Oktoba 2012, siku treni za abiria za mjini zilipoanza safari Dar es Salaam. Wananchi waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kyela. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, chini ya Kampuni ya Reli Tanzania, ilitoka Stesheni hadi Ubungo. Ya pili, chini ya TAZARA, ilitoka kituo chake kikuu hadi Mwakanga. Treni hizo hazikuweza kubadilishana njia, kwa kuwa upana wa reli ya kwanza ni milimita 1,000 na wa ile ya pili ni milimita 1,067.

Miaka minne baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma katika awamu ya kwanza ya mradi wa DART: kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Basi refu kuliko yote huchukua abiria wapatao 150. Njia yake ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na awamu ya pili, ya kuelekea Mbagala, iligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo hulipwa na Hazina, na Hazina hujazwa na kodi ya kila Mtanzania, aliyewahi kupanda mwendokasi na asiyewahi.

Tofauti ya miradi hii miwili ni muhimu, na mara nyingi husahaulika. Treni ilitumia njia ya zamani iliyokwisha kujengwa vizazi vilivyopita. Kilichohitajika ni kukarabati vichwa na mabehewa na kuweka vituo. Basi la mwendokasi lilijengewa njia mpya ya zege kutoka mwanzo. Ndiyo maana treni iliweza kuanza kwa gharama ndogo, na ndiyo maana pia haikuweza kufika isipokuwa pale ambapo reli ya zamani ilikwisha kupita. Ilikwenda asubuhi na jioni; mchana mabehewa yalikaa bila kazi huku mishahara na matengenezo vikiendelea kugharimiwa. Mwendokasi nayo ina maradhi yake. Abiria hujazana vituoni mabasi yanapopungua, na bonde la Jangwani limefurika zaidi ya mara moja maji ya Mto Msimbazi na kusimamisha safari.

Majirani wamepitia hayohayo. Nairobi ilifungua kituo cha treni cha Syokimau Novemba 2012, majuma machache tu baada ya Dar es Salaam, lakini matatu ziliendelea kubeba sehemu kubwa ya abiria. Addis Ababa ilifungua reli nyepesi ya umeme ya takriban kilomita 34 mwaka 2015, sehemu kubwa kwa mkopo wa China, na baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Kununua chombo hugharimiwa mara moja. Kukitunza hugharimiwa kila mwaka, na fedha hiyo ya kila mwaka ndiyo ambayo bajeti nyingi huisahau.

Nani hulipia njia

Barabara za Tanzania hutunzwa kwa Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Katika mwaka wa fedha 2021/22 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na nyongeza hiyo ikaelekezwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Dereva wa bodaboda wa Kalenga anapoweka lita mbili katika pikipiki yake, shilingi 200 za nyongeza hiyo pekee zimetoka mfukoni mwake kwa ajili ya barabara za aina ileile anayoipita.

Tozo hiyo haitazami mafuta yanakwenda kufanya nini. Mkulima wa bustani ya nyanya kando ya Mto Ruaha Mdogo anayevuta maji kwa pampu ya dizeli hulipa tozo ya barabara, ingawa pampu yake haijawahi kutembea barabarani. Mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli vilevile, na kwa hiyo mama anayepeleka debe la mahindi kusagwa. Kalenga, kwa maneno mengine, hulipia barabara zaidi ya inavyozitumia, na hilo ni jambo ambalo wananchi wana haki ya kulitaja pale vipaumbele vya barabara vinapojadiliwa.

Reli nayo ina tozo yake. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini hutozwa tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Zimo bidhaa zilizosamehewa. Lakini mtu anaponunua bidhaa ya dukani iliyotoka ng'ambo na ambayo haikusamehewa, sehemu ndogo ya bei yake ilikwisha kwenda kwenye reli kabla bidhaa haijafika Iringa. Juu ya hapo ipo mikopo mikubwa iliyochukuliwa kwa ajili ya reli ya kisasa, SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo.

Nauli zenyewe hazionyeshi gharama hizo. Kuanzia tarehe 8 Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliruhusu mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida kutoza shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita, na ya daraja la kati shilingi 67.84. Nauli ya SGR daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 69.51 kwa kilomita. Kwa mtazamo wa abiria, basi la daraja la kati na treni ya kawaida ni bei moja. Kwa mtazamo wa Hazina hayafanani hata kidogo: njia ya basi hulipiwa polepole na wanunuzi wa mafuta wa nchi nzima, njia ya treni hulipiwa kwa mikopo inayopaswa kurejeshwa, abiria wapande au wasipande.

Kwa nini reli haikupita Iringa

Nyanda za Juu Kusini ziliwahi kusimama katika njia panda hii, na uamuzi wa wakati ule ndio unaoishi nasi hadi leo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikiiacha Iringa mbali upande wa kusini. Katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Uingereza, mhandisi Clement Gillman alipima njia ya reli ambayo ingeteremka kutoka Dodoma, ipite Iringa na kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Mdororo wa uchumi wa dunia ukafuata, na reli haikujengwa.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Shirika la Reli lenyewe liliweka malori na mabasi barabarani, likawa linasafirisha abiria na mizigo kati ya Reli ya Kati na miji ya Iringa na Mbeya. Kwa miaka mingi, hata chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, watu wa nyanda hizi walihudumiwa na shirika la reli kwa magurudumu ya mpira. Serikali ya wakati huo haikuchagua basi kwa kulipenda. Ilifanya hesabu ya mizigo na abiria waliokuwepo, ikaona hawatoshi kuilipa njia ya chuma.

Reli ilipokuja hatimaye, ilipita kwingine. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Inapita bonde la Kilombero, inapanda kutoka Mlimba hadi Makambako, kisha inaelekea Mbeya na Tunduma. Katika kipande hicho cha Mlimba na Makambako pekee yalichimbwa mahandaki 18.

Sababu ya mahandaki hayo ni ya kimaumbile, na ndiyo inayofanya reli ya milimani iwe ghali daima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hukokota mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo, lakini huteleza kwenye mwinuko. Wahandisi hujitahidi njia isipande zaidi ya mita moja au mbili katika kila mita 100. Lori huweza kuupanda mlima Kitonga, kwa taabu na kwa moshi mwingi; treni haiwezi, hivyo lazima mlima utobolewe au uzungukwe. Barabara ya TANZAM ilipanda Kitonga, ikapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na tangu hapo Iringa imekuwa mji wa mabasi.

Hesabu ya Kalenga

Treni ya abiria hulipa pale ambapo watu maelfu wanataka kwenda upande mmoja, saa ileile, kila siku ya kazi. Kalenga haina hali hiyo. Asubuhi wapo wanafunzi, watumishi na wafanyabiashara wenye matenga ya nyanya wanaoelekea mjini. Wengine huenda hospitali ya Tosamaganga, wengine Nzihi au Kidamali, na wanaosafiri mbali huendelea hadi stendi ya Igumbilo. Wageni wa Makumbusho ya Mkwawa na wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huja kwa magari yao. Safari zimetawanyika, na basi la abiria 30 linalopita mara nyingi linafaa kuliko chombo kikubwa kinachopita mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo swali la Kalenga si basi au treni. Ni kwamba basi lililopo linapata nini kutoka katika mfuko wa umma. Barabara kuu ya Iringa hadi Msembe, kilomita 104, iko chini ya TANROADS na iliingizwa katika mradi wa RISE, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili ijengwe kwa kiwango cha lami. Hiyo ni fedha kubwa na itabadilisha mengi. Lakini abiria hakai barabarani. Njia za ndani za vijiji, za changarawe na udongo, ziko chini ya TARURA, na huko ndiko mvua za Desemba hadi Aprili huamua kama gari litaingia au halitaingia. Kalavati moja likizibwa, dereva hugeuzia barabara kuu, na abiria aliyebaki hulipa bodaboda kwa kipande kifupi ambacho bei yake huweza kuikaribia nauli yote ya kutoka mjini.

Wapo wanaopendekeza kwamba Serikali inunue mabasi yake. Nchi imekwisha kujaribu. Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, pamoja na makampuni ya usafirishaji ya mikoa, yaliendesha mabasi ya umma katika miaka ya 1970. UDA ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya Dar es Salaam. Vipuri vilipokosekana na magari yakapungua, mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini, na daladala zikaingia. Historia hiyo haisemi kwamba fedha za umma hazina nafasi katika mabasi. Inasema tu kwamba kumiliki gari ni njia dhaifu ya kuzitumia.

Pengo la nauli ya mwanafunzi

Nafasi iliyo wazi zaidi ni nyingine, na haizungumzwi inavyostahili. LATRA ilipopandisha nauli za daladala Desemba 2023, mtu mzima katika njia isiyozidi kilomita 10 alitoka shilingi 500 hadi 600. Mwanafunzi alibaki kwenye shilingi 200. Uamuzi huo ni wa haki kwa mtoto. Lakini tofauti ya shilingi 400 haijalipwa na mfuko wowote.

Chukua basi la viti 30 katika njia ya aina hiyo. Likijaa watu wazima watupu, safari moja huingiza shilingi 18,000. Wakipanda wanafunzi 10 na watu wazima 20, huingiza shilingi 14,000. Mafuta ni yaleyale, na tozo ya mafuta ni ileile. Mwenye gari amepoteza shilingi 4,000, na konda anayetakiwa kufikisha hesabu ya siku anajua hivyo kabla gari halijasimama. Mwanafunzi anayeachwa kituoni asubuhi hakuachwa kwa sababu ya roho mbaya ya konda pekee. Ameachwa kwa sababu Taifa limempa punguzo bila kumpa anayelitekeleza fedha za kulifidia.

Hapa ndipo reli na basi hutofautiana kikweli. Treni ya umma ikimbeba mwanafunzi kwa nauli ndogo, pengo hubebwa na shirika la umma, na mwisho wake na Hazina. Basi la mtu binafsi likimbeba, pengo hubebwa na mwenye gari na, kwa kiasi fulani, na abiria wanaokaa kituoni muda mrefu kwa kuwa magari hayatoshi. Mtoto wa Kalenga na mtoto wa Pugu wote ni wanafunzi wa nchi moja. Ruzuku ya nauli ya shule katika njia za vijijini ingegharimu sehemu ndogo mno ya gharama ya kilomita moja ya reli, na ingeonekana asubuhi ya siku ya kwanza. Uamuzi wa aina hiyo si wa Halmashauri. Unahitaji sera ya Taifa. Hata hivyo hoja zake huweza kuanzia ngazi ya kijiji, kwa kuwa kijiji ndicho kinachojua watoto wangapi huchelewa shule.

Pa kupeleka hoja

Tangu TARURA ilipoanza kazi Julai 2017, Halmashauri haijengi wala kutengeneza barabara kwa mikono yake. Inachofanya ni kupeleka vipaumbele. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa sheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, huweza kupitisha azimio kuhusu njia au kalavati fulani. Azimio hilo huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani, kisha Halmashauri, na kutoka hapo hufika TARURA. Masuala ya barabara kuu hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa. Azimio lenye jina la njia, urefu wake na miezi isiyopitika hujadiliwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla kwamba barabara ni mbaya.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuingia katika biashara ya usafirishaji vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Nauli, leseni na njia za mabasi ni kazi ya LATRA. Kabla ya kubadili nauli, Mamlaka hukusanya maoni ya wadau, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini huwasemea abiria. Mwananchi au uongozi wa kijiji unaweza kuwasilisha maoni kwa maandishi. Anayelalamikia kutozwa nauli kupita kiwango, au mwanafunzi kukataliwa, aandike namba ya gari, tarehe, saa na kituo, na atunze tiketi. Mzazi anaweza kuwasilisha kwa niaba ya mtoto, na Ofisi ya Mtendaji wa Kata inaweza kumsaidia asiyejua namna ya kuandika barua hiyo.